Kubadilisha spika zilizochoka kwenye Toyota Celica ya zamani: kazi kubwa iko mlangoni

Ukiwasha redio kwenye Celica iliyoishi pwani miaka mingi, utasikia mtangazaji akiongea vizuri tu, hana neno. Ngoja wimbo uanze, besi iguse, mlango wa dereva unakoroma kama mtu mwenye mafua. Unapunguza sauti. Mwezi unaofuata unapunguza tena. Mwisho unajikuta unaendesha kimya na kujidanganya kwamba unapenda kusikiliza injini.

Ninazungumzia Celica ya kizazi cha saba, ile iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, milango miwili, injini ya 1ZZ au 2ZZ. Hata kama gari lako ni MR2, Silvia au Mazda MX-5, sehemu kubwa ya kazi ni ileile. Kwa Kenya, sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane iliifungia Celica mlango zamani, kwa hiyo zilizopo ndizo hizohizo, na paneli ya mlango ukiivunja usitegemee kupata nyingine wiki hiyo. Fanya kazi taratibu.

Kinachoua spika hizi kwa kawaida si sauti kubwa. Ukingo unaoshika karatasi ya spika, kwenye spika nyingi za kiwandani, ni sponji nyembamba, na sponji hiyo hulika kwa unyevu na joto hata kama gari limeegeshwa tu. Ukiigusa inabaki kidoleni kama keki iliyokauka. Baada ya hapo karatasi haina wa kuishika katikati, koili (waya uliozungushwa nyuma yake) inaanza kusugua sumaku, na hapo ndipo mkoromo unapoanza.

Nimefanya kazi hii kwenye Celica yangu ya 2001 na kwenye magari matatu ya jamaa zangu. Spika ya bei ya kati iliyokazwa vizuri kwenye mlango ulioziba huishinda spika ya bei mbaya iliyoning'inizwa kwa skrubu mbili. Ndiyo maana hapa chini nimeuzungumzia mlango kuliko nilivyozungumzia spika.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni spika

Kabla ya kununua chochote, kaa ndani ya gari, peleka sauti yote kushoto, kisha kulia, kisha mbele, kisha nyuma. Andika kila kona inasema nini. Mkoromo kwenye besi peke yake ni ukingo ulioliwa au koili inayosugua. Sauti inayokatika na kurudi ni waya. Kimya kabisa inaweza kuwa spika, waya au redio yenyewe.

Kuna jaribio moja ambalo watu hulisahau. Redio ikiwa inacheza, fungua na ufunge mlango polepole. Kama sauti inakatika mlango ukifika mahali fulani, waya umekatikia ndani ya ule mpira unaounganisha mlango na bodi. Milango ya gari la milango miwili ni mirefu na mizito, na waya huo hukunjwa kila unapopanda na kushuka. Spika mpya haitakusaidia hapo.

Ukishaifikia spika yenyewe, ichomoe plagi na uipime kwa mita ya umeme kwenye omu. Spika ya omu 4 husoma kama 3.2 hadi 3.8. Ikisoma sifuri, koili imejiunganisha. Isiposoma chochote, koili imekatika. Kisha chukua betri ndogo ya voti 1.5 na uguse ncha za spika kwa sekunde moja. Inatakiwa iseme "tap" safi na karatasi isogee. Ikisema "krrr", imekwisha.

Sasa redio. Magari haya mengi yalikuja na redio ya Japani, ambayo FM yake huishia MHz 90, wakati stesheni zetu zinafika hadi 108. Kwa hiyo mwenye gari wa kwanza alibadilisha redio, na aliyefanya kazi hiyo mara nyingi alikata plagi za kiwandani, akasokota waya na kuzungusha tepu. Ing'oe redio uangalie nyuma yake kabla hujailaumu spika.

Kwenye Toyota za wakati ule rangi zina utaratibu. Plagi ya pini 10 ina spika za mbele: kushoto ni pinki kwa chanya na zambarau kwa hasi, kulia ni kijani mpauko kwa chanya na bluu kwa hasi. Plagi ya pini 6 ina za nyuma: kushoto ni nyeusi chanya na njano hasi, kulia ni nyekundu chanya na nyeupe hasi. Soma tena hapo. Ile nyeusi ni chanya ya spika ya nyuma kushoto, wala si arthi, na ile nyekundu haina moto wa betri. Arthi ya redio ni ile ya kahawia. Nimeshaona nyeusi ile imefungwa kwenye bodi ya gari na mtu aliyeapa anazijua waya.

Kosa hilo linaunguza redio. Redio za kisasa za gari huisukuma spika kutoka pande zote mbili, chanya na hasi, kwa hiyo hakuna waya wa spika unaoruhusiwa kugusa bodi. Ukikuta hasi za spika zimeunganishwa pamoja na kufungwa kwenye chuma, zitenganishe zote kwanza, kila spika ipate waya zake mbili hadi kwenye redio.

Kununua bila kudanganywa na boksi

Maandishi makubwa kwenye boksi, "wati 500", yapuuze. Gari likiwa linawaka, umeme ni kama voti 14.4. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni, ikiisukuma spika ya omu 4, haiwezi kuzidi takriban wati 26 safi hata kwa hesabu ya karatasini, na ukitoa upotevu unabaki na 18 hadi 20. Ile "50x4" iliyoandikwa kwenye uso wa redio ni mapambo. Nguvu yako ni ndogo, kwa hiyo tafuta spika isiyohitaji kubembelezwa.

Namba ya kuangalia ni desibeli, inayoonyesha spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 91 kwenye wati zako 20 inasikika kama ya desibeli 88 yenye wati 40. Chukua yenye 90 na kuendelea, omu 4. Usichukue ya omu 2 kama redio yako haijaandikwa kwamba inaikubali.

Ukubwa wa mbele unaotafutwa ni inchi 6.5, wengine wanauita sentimita 16 au 17. Lakini jina hilo ni la kibiashara tu. Spika mbili zote za "inchi 6.5" zinaweza kutofautiana matundu ya skrubu, upana wa fremu na kina. Kina ndicho kinachotesa. Fungua mlango kwanza, teremsha kioo hadi chini, pima kutoka uso wa chuma ambapo spika inakaa hadi kwenye kioo, kisha toa milimita 5 za usalama. Nenda dukani na namba hiyo, na spika ya zamani mkononi. Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam, muuzaji akikuona umeshika spika mbovu na rula, maongezi yanabadilika.

Hapohapo dukani omba kupima omu na kugusa betri ya 1.5. Bonyeza karatasi kwa vidole vinne, sawasawa pande zote; isisugue. Ukingo uwe wa mpira, si sponji, vinginevyo utarudi kwenye kazi hii tena. Kwa hali ya hewa ya pwani hilo ni sharti.

Je, koaksho, yaani twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ikiwa katikati ya spika, au seti yenye twita pembeni na krosova, kile kifaa kinachogawa sauti nyembamba na nzito? Kama gari lako lina twita ndogo zake juu, seti yenye twita ya kutenga inapendeza zaidi, kwa sababu sauti inapanda kutoka miguuni hadi usoni. Kwa mara ya kwanza, au kama huna muda, koaksho inatosha. Ila ukifunga koaksho, chomoa twita za kiwandani. Ukiziacha, twita mbili zinapiga kelele ileile na masikio yako yanachoka kabla hujafika Chalinze.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Bisibisi ya nyota na ya bapa, soketi ya namba 10, vyombo vya plastiki vya kung'olea trimu (usitumie bisibisi, itachimba paneli), drili na biti za milimita 5 na 6, mita, kifaa cha kulehemu, mipira inayosinyaa kwa moto ya kufunikia viungo, skrubu za chuma kisichoshika kutu, silikoni au sponji laini ya kuziba, na mati za butili (mikeka ya mpira mzito unaonata, ya kutuliza bati). Nunua klipu za mlango kumi za ziada. Plastiki ya miaka zaidi ya ishirini imekauka, na hata ukiwa na mkono wa malaika, tatu zitavunjika.

Kufungua mlango

Egesha kivulini na uanze na upande wa abiria. Ukikosea, ukosee upande usiokaa.

1. Pandisha kioo hadi juu, zima gari, chomoa ufunguo, toa terminali hasi ya betri. Mlango utakaa wazi saa mbili na taa ya ndani itakunywa betri.

2. Tafuta skrubu. Moja iko ndani ya kikombe cha kitasa cha kufungulia, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Nyingine ziko sehemu ya kushikia mlango, chini ya sahani ya swichi za vioo. Sahani hiyo huinuliwa kwa chombo cha plastiki, kisha unachomoa plagi yake kwa kubonyeza ulimi wake. Usivute waya.

3. Toa plastiki ya pembetatu iliyo nyuma ya kioo cha pembeni.

4. Anza kona ya chini nyuma. Ingiza chombo karibu kabisa na klipu, si katikati ya klipu mbili, kisha vuta. Mlio wa "paa" ni wa kawaida. Zunguka chini na pande zote mbili.

5. Klipu zote zikiachia, usivute kuja kwako. Inua paneli kwenda juu, kwa sababu ukingo wake umening'inia kwenye mfereji wa kioo. Hapa ndipo watu huvunja paneli.

6. Kabla ya kuibeba, chungulia nyuma: bado kuna nyaya za kitasa na labda plagi ya taa. Zitoe, kisha laza paneli juu ya kitambaa.

Ukikuta plagi ya njano popote, iache. Njano ni ya mifuko ya hewa ya usalama.

Utaona nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi kama lami. Iheshimu. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia mfereji wa kioo kila siku, na hutoka kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie chumbani. Ibandue polepole sehemu ya spika tu na uilinde na mchanga.

Kung'oa ya zamani

Toyota nyingi za wakati huo zina spika iliyoumbwa pamoja na ringi yake ya plastiki, na imefungwa kwa ribeti tatu au skrubu. Kama ni ribeti, toboa kichwa tu kwa biti ya 5, kichwa kikitoka usiendelee, sukuma mwili wake ndani. Vumbi la chuma linalotoka hapo ndilo adui wa spika mpya: sumaku yake italivuta lote, na chembe moja ikiingia kwenye nafasi ya koili umenunua mkoromo mpya. Spika mpya zikae kwenye boksi, chumba kingine, hadi umalize kutoboa na kufuta mlango kwa kitambaa chenye maji.

Matundu uliyotoboa yapake rangi. Kwa bahari ya Hindi, chuma kilicho uchi hakisubiri mwaka.

Ringi

Spika mpya haitakaa kwenye tundu la kiwandani bila ringi ya katikati. Zipo za kununua zilizotengenezwa kwa Toyota, zikipatikana, chukua. Zisipopatikana, kata mwenyewe. Watu hutumia MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, nami nawasihi waache, maana ikinywa maji inavimba kama mandazi. Plaiwudi iliyopakwa vanishi pande zote inafaa. Mimi hutumia ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama: hauozi, haushiki unyevu, unakatika kwa msumeno mdogo, na unauzwa kila soko.

Unene wa milimita 12 hadi 18 hutosha. Ukizidisha, spika itagusa wavu wa paneli. Ukipunguza, sumaku itagusa kioo. Kwa hiyo weka ringi na spika bila kukaza, rudisha plagi ya swichi na betri kwa muda, teremsha kioo hadi mwisho. Kisha shika paneli mahali pake uone kama inakaa. Jaribio hili la dakika mbili limeniokoa vioo.

Waya

Tafuta kwanza waya wa kuunganishia plagi ya Toyota na spika mpya. Ukiupata, hukati kitu. Ukikosa, lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa. Kusokota na tepu mlangoni hakufai kabisa: gundi ya tepu inayeyuka kwa joto, unyevu unaingia, shaba inaota kutu ya kijani, na baada ya mwaka unarudi kutafuta spika nyingine wakati spika ni nzima.

Usiamini rangi za waya za mlangoni. Hakikisha kwa mita kutoka kwenye redio hadi hapo. Upande wa spika, betri ya 1.5 inakuambia: chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, karatasi inatoka nje. Ikiingia ndani, umegeuza. Weka alama kwa kalamu. Funga waya kwa vifungo vya plastiki mbali na njia ya kioo.

Kuziba mlango: hapa ndipo besi inapotoka

Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yakikutana yanafutana, na besi ndiyo inayofutika zaidi. Mlango wa gari una matundu makubwa ambayo fundi wa kiwandani aliyahitaji ili kuingiza mashine ya kioo. Kupitia hayo, sauti ya nyuma inatoka na kuua ya mbele. Ndiyo maana spika inayonguruma dukani ndani ya boksi inafika mlangoni na kuwa kama ya simu.

Anza na ringi. Zungushia silikoni au sponji laini kati ya ringi na chuma, na tena kati ya spika na ringi. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogokidogo, fremu isipinde. Ukiweka kiganja pembeni na muziki ukicheza, usisikie upepo.

Kisha bandika mati ya butili upande wa ndani wa bati la nje, nyuma ya spika na katikati ya bati. Huhitaji kufunika lote; robo yake inatosha kuua mlio wa debe. Safisha kwanza kwa spiriti, kisha ubonyeze kwa kitu kigumu hadi michoro yake ilale. Usinunue ile ya kuzibia paa yenye lami kwa sababu ni rahisi. Gari likishinda juani Dar es Salaam mwezi wa pili, itateremka na kunuka ndani.

Matundu makubwa ya bati la ndani yafunike kwa karatasi ngumu ya plastiki au alumini iliyokatwa kwa umbo lake, ikishikwa na butili kingoni, ili siku mota ya kioo ikifa ufungue bila kulia. Kisha rudisha nailoni juu. Usizibe matundu madogo ya chini ya mlango, hata moja. Ukimaliza, mwaga chupa ya maji juu ya kioo kwa nje: yatoke yote chini.

Juu ya spika, ndani ya mlango, bandika kipande cha plastiki kama kofia ili matone yasiangukie sumaku.

Kurudisha na kusikiliza

Kabla ya kurudisha paneli, unganisha kila kitu na ucheze sauti ya mtu anayezungumza, mizani ikiwa katikati. Sauti inatakiwa itoke katikati ya dashibodi. Ikionekana imetawanyika na besi imekonda, upande mmoja umegeuzwa chanya na hasi. Geuza mmoja tu, sikiliza tena.

Badilisha klipu zilizovunjika, ning'iniza paneli juu kwanza, hakikisha kitasa kinafungua, kisha piga klipu kwa kiganja. Bandika vipande vya sponji nyuma ya paneli pale inapogusa bati. Kelele nyingi za baadaye ni za paneli.

Kwenye redio, tafuta kichujio kinachokata besi ya chini na ukiweke hezi 80. Spika ya inchi 6.5 ikiachiwa besi za chini ya hapo inajitesa bila faida. Ule mpangilio wa kukuza besi uzime.

Za nyuma ziko pembeni kwenye kuta za kiti cha nyuma, na kuzifikia ni kung'oa kiti na nusu ya plastiki za gari. Nani anakaa huko nyuma? Mimi nimeziacha, nikapeleka sauti mbele kwa asilimia kubwa.

Spika za zamani usizitupe kama fremu na koili ni nzima. Mafundi wa spika hubandika ukingo mpya, na siku moja mnunuzi anayetaka Celica yenye kila kitu chake cha kiwandani atakuuliza kama bado unazo.